Ndoo na Hatua Ishirini na Nne

Mdogo wangu anaitwa Ndoo. Jina alilopewa na baba lipo kwenye vyeti, lakini mtaani hakuna anayelijua, na hata mimi nikimwita kwa jina hilo haitiki mpaka nirudie mara tatu. Anaitwa Ndoo kwa sababu ya ndoo, hakuna fumbo. Ukiingia sebuleni kwa mama yetu, kabla hujaona pa kukaa utaziona: ndoo kumi na mbili, wakati mwingine kumi na tano, zimejaa maji ya bahari, kila moja imebandikwa karatasi yenye tarehe. Usiguse. Ukigusa utasikia ukelele kutoka chumbani, "Hiyo ni ya mwezi wa tatu!" Maji ni maji, jamani. Yanafanana, yananuka vilevile. Lakini mwambie hivyo uone atakavyokutazama, utadhani umemtukana marehemu.

Mimi ni fundi cherehani. Nina duka la mlango mmoja mjini, juu ya kilima, na futi yangu ya kupimia inakaa shingoni tangu asubuhi mpaka nifunge. Mteja akiniambia kiuno chake ni kilekile cha mwaka jana, simbishii, nampima. Nayasema haya mapema ili mjue kwamba katika nyumba yetu kuna mtu mmoja anayepima vitu na mtu mmoja anayevitazama, na kwa miaka mingi anayevitazama ndiye aliyependwa zaidi.

Utotoni alikuwa hivihivi. Akiwa na miaka saba alitumwa dukani kununua chumvi, akarudi jioni mikono mitupu, suruali imelowa mpaka kiunoni. Alikwenda kuichota baharini, alisema, maana mwalimu aliwaambia chumvi inatoka huko. Mama alimchapa, kisha akacheka mpaka akakaa chini, na kwa maoni yangu hapo ndipo tulipoharibu kazi. Mtoto akichekewa namna ile hujiona ana akili.

Alipomaliza shule akawa mchora mabango. Kazi nzuri, kazi ya heshima, na mkono wake ulikuwa umenyooka hasa. Alichora vinyozi, alichora maduka ya dawa, akachora jino kubwa jeupe kwa daktari wa meno hadi watu wakawa wanapiga picha pale. Kisha fundi mmoja wa magari akamwomba amchoree gari ukutani. Akamchorea gari limezama nusu, samaki wanaingia dirisha hili wanatokea lile. Eti wateja wafikirie. Wateja walifikiri, wakaenda kwa fundi mwingine.

Baada ya hapo akaacha mabango. Akatutangazia mezani, chai mkononi, kwamba yeye sasa ni msanii na anachunguza bahari na uhusiano wa watu na maumbile. Mama akamwambia, "Vizuri, baba." Mama alikuwa mpishi wa shule miaka thelathini, aliweza kumnyamazisha mwalimu mkuu kwa kumtazama tu, lakini kwa Ndoo alikuwa siagi. Mimi nikauliza, uhusiano huo unaliwa saa ngapi? Mama akamwongezea chai.

Sisemi hana kipaji. Kuna mwaka aliyapanga mabati juu ya paa la jiko, akawa anayamwagia maji ya bahari kila asubuhi, jua linayakausha, chumvi inaacha michoro. Nilipanda ngazi kwenda kumgombeza kwa sababu ya paa, nikakaa huko juu nusu saa nzima nikitazama. Kulikuwa na mistari mle, myeupe, myembamba, hakuna sindano duniani ingeweza kuitarizi. Watu wakaanza kuja kutazama. Siku ya tatu mvua ikanyesha, ikafuta kila kitu, na yeye amesimama uani amelowa chepechepe, anatabasamu. "Bahari imekuja kuchukua kazi yake, dada." Nikamwambia ingekuchukua na wewe.

Mchumba naye alipatikana, binti mwenye adabu zake, akaletwa nyumbani kutambulishwa. Masikini alitaka kunawa mikono kabla ya kula, akainama kwenye ndoo ya kwanza aliyoiona. Ndoo alipiga ukelele wa mtu anayeibiwa. Binti akajifuta mikono kwenye gauni, akala kwa heshima, akaaga kwa heshima, na tangu siku hiyo akipita mtaani kwetu hupita upande wa pili.

Hayo yote ningeyavumilia. Kilichonikaa kooni ni nyumba.

Nyumba ya mama ina vyumba vitatu, aliijenga baba kwa mikono yake, na mlango wa jikoni unatazama bahari. Tulipokuwa wadogo, kutoka mlango ule hadi majini ilikuwa safari. Ukitumwa kwenda kusugua sufuria kwa mchanga ulikuwa unanung'unika njia nzima. Sasa hivi ukikohoa jikoni, kaa huko mchangani wanakimbia. Nyumba mbili za majirani zimekwishaondoka. Ya kwanza kilianza choo, kikafuata jiko, kisha ukuta wa chumba cha kulala ukalala wenyewe. Watu wa ofisi ya mtaa walikuja wakachora alama nyekundu ukutani kwa mama, maana yake nyumba hii ihamwe. Mama akatoka na brashi na sabuni, akaisugua ikatoka.

Mimi nilichotaka ni kimoja tu, mama ahame kabla bahari haijamfuata kitandani. Chumba kwangu kipo. Nimekipaka rangi, nimeweka kitanda cha kimo cha chini, dirisha linafunguka bila kugombana nalo. Miaka miwili hakuna aliyelala humo isipokuwa majora ya vitambaa. Kila Jumapili nilikuwa nateremka kilima, nambembeleza, namtisha, nalia, napandisha kilima nikiwa nimevimba kichwa. Mama ananisikiliza kwa upole, ananifungia mkate nikale njiani, ananiambia, "Mwanangu, bahari naijua kabla hujazaliwa."

Sasa Jumapili moja nilikuwa nimemweka mama pabaya kweli, nimemkumbusha ukuta wa jirani. Ndoo akatoka chumbani. "Tusibishane," alisema. "Tuipime." Haki ya nani nilitaka kumkumbatia. Nikaivua futi shingoni, nikamwambia haya, twende. Akaikataa. Hataki futi, hataki mita, hataki kamba.

"Mita haina mtu ndani yake, dada. Tuipime kwa mama."

Alivyopanga ni hivi. Kila mwezi kuna siku za bamvua, maji yanapojaa kuliko siku nyingine zote. Siku hizo Ndoo atatandika kitambaa kuanzia kizingiti cha mlango wa jikoni hadi pale wimbi la mwisho linapofika. Mama atakanyaga kwenye sinia lenye wino mweusi, wino wa masizi na gundi anaoukoroga mwenyewe, kisha atatembea juu ya kitambaa mpaka vidole vilowe. Wino ukififia, Ndoo atampaka tena nyayo kwa brashi, hapohapo, mama amemshika kichwa asianguke. Maji yanapolamba kitambaa, hapo ndipo anapokata kwa mkasi. Kisha wanahesabu nyayo, kitambaa kinakaushwa, kinaviringwa, kinaandikwa tarehe.

Na kitambaa kinatoka kwa nani? Kwangu, bila shaka. Marekani nyeupe, nzito. Tena sikukitoa hivihivi. Nilikichemsha chote kwenye sufuria kubwa, nikakianika, nikakipiga pasi, kwa sababu marekani isipochemshwa hurudi ikilowa, inapungua, na fundi anayeshona kitambaa kibichi hutukanwa na wateja wake maisha yake yote. Nilimwambia Ndoo, "Hiki nimekichemsha." Akasema, "Asante, dada." Kumbe sikio moja lilipokea, la pili likatoa.

Mwezi wa kwanza mama alitembea hatua ishirini na nne. Mwezi wa pili ishirini na nne. Wa tatu ishirini na tano, akanipigia simu kunisimanga. Kuanzia hapo hata salamu ziliisha, simu inalia, napokea, nasikia, "Ishirini na nne. Haijasogea. Kalale." Miaka miwili! Nilikuwa naichukia namba hiyo kama mtu. Mteja akiniambia kiuno chake ni ishirini na nne nilikuwa namtazama vibaya.

Maana macho ninayo. Kulikuwa na kamba ya kuanikia nguo, imefungwa ukutani upande mmoja na kwenye nguzo upande wa pili, na nguzo ile sasa ilikuwa inalowa shina. Nikamwonyesha mama. "Nguzo imezeeka, inainama," alisema. Jiwe tulilokuwa tunakalia tukiosha vyombo halionekani. "Mchanga umelifunika." Nikamwonyesha mwanawe, huyo mwenye macho ya kisanii. Akatazama, akatikisa kichwa taratibu, akasema pwani hupumua, hutoka na kuingia, na hesabu ya mama ndiyo inayosema ukweli.

Nilimvuta kando siku hiyo, nyuma ya jiko. "Wewe ndiye unayekaa naye. Mwambie ahame, wewe atakusikia."

"Dada, siwezi kumwambia. Kazi yangu ni kutazama."

"Kutazama!"

"Sikiliza. Bahari inatembea kuja kwa mama. Mama anatembea kuiendea bahari. Hakuna anayemfukuza mwenzake. Hicho ndicho ninachotaka watu wakione."

"Na wakikutana wewe utakuwa wapi? Umesimama na brashi?"

Akafikiri. Kweli kabisa, alisimama pale akafikiri, mpumbavu yule. "Huo ungekuwa mwisho mzuri wa kazi," alisema. Nilimpiga kofi la mgongo likasikika mpaka kwa mama. Hapo akashtuka, akaanza kunifuata, "Sikumaanisha mama, dada, nilimaanisha picha," na mimi nimekwishafika barabarani. Wiki mbili sikupokea simu yake.

Kisha ikaja habari ya maonyesho. Ukumbi mmoja wa mjini ulimkubalia, na msimamizi wake, mama mmoja mwenye miwani ya mnyororo, alitaka vitambaa vyote ishirini na vinne vitundikwe darini, vining'inie sambamba mpaka sakafuni. Ndoo akaja dukani kwangu na mkokoteni. Ametabasamu kwenye kila kona ya uso. Alikuwa na ombi: nikunje upindo juu na chini, nishone vitanzi vya kupitisha fimbo, na kabla ya hapo nivipige pasi.

"Lakini uvivute vizuri, dada. Vilingane. Vingine vimekuwa vifupi, chumvi imevirudisha."

Nilikuwa na sare za shule thelathini za kumaliza. Nikamwambia weka hapo, potea. Akapotea.

Mchana, wateja walipopungua, nikachukua kitambaa cha kwanza kabisa na cha mwisho kabisa, niangalie chumvi imefanya uharibifu gani. Meza yangu haitoshi. Nikatoka navyo kwenye varanda ndefu inayopita mbele ya maduka, nikamwita fundi viatu wa mlango wa pili anishikie ncha. Ni mtu wa maneno machache, mdomo umejaa misumari siku nzima. Tukavitandika sambamba sakafuni, ncha zilizoanzia kizingitini zimelingana.

Cha kwanza kilifika duka la simu. Cha mwisho kiliishia kwa muuza magazeti, mlango mzima nyuma.

Nikapiga magoti. Nyuzi hazidanganyi, kitambaa kilichorudi hukaza, nyuzi zinabanana, ukikisugua kati ya vidole unakisikia kimekuwa kizito. Hiki kifupi kilikuwa vilevile kama nilivyokitoa. Nilikichemsha mwenyewe, jamani, nilisimama juu ya moto ule mpaka nikaungua mkono! Hakikurudi hata unene wa sindano. Nikaivua futi. Kitambaa cha kwanza, mita kumi na tatu na kidogo. Cha mwisho, mita tisa hazitimii. Nikahesabu nyayo kwa kidole: ishirini na nne. Nikahesabu zile nyingine: ishirini na nne.

Fundi viatu alikuwa ameinama juu ya nyayo, ametema misumari mkononi. "Huyu ni mtu mmoja," alisema. "Kidole gumba kimepinda hapa, kimepinda na hapa. Lakini hizi za kwanza anatembea. Hizi za mwisho anaogopa kuanguka. Ona kushoto, anaburuta."

Kisigino kwa kisigino, mwaka juzi, sentimita hamsini na tano. Kisigino kwa kisigino, mwezi uliopita, thelathini na saba.

Sitajipamba. Nilichosikia kwanza ni furaha. Nimewapata! Bahari imesogea mita nne, ushahidi ninao, umepigwa muhuri kwa wino, na wameuandaa wenyewe, mama na mwanawe mpendwa. Nilicheka kwa sauti pale sakafuni. Fundi viatu hakucheka. Akaniangalia, akarudisha misumari yake mdomoni, akaenda zake.

Vitambaa vile, niwaambie kabisa, baadaye vilitundikwa hivyohivyo bila kulinganishwa, vikipungua kimoja baada ya kingine, na watu walivisifu sana, hata magazeti yalisema. Silo ninalosimulia. Ninalosimulia ni kwamba nilifunga duka saa nane mchana, sare za watoto wa watu zimelala mezani, nikateremka kilima na vitambaa viwili kwapani.

Maji yalikuwa yamekupwa. Mama amekaa mlangoni anachambua mchele, Ndoo yuko uani anabandika karatasi kwenye ndoo zake. Sikusalimu. Nikatandika vitambaa kuanzia kizingitini, nikavikandamiza kwa mawe.

"Chumvi haijarudisha kitu," nilimwambia Ndoo. "Njoo utazame, si kazi yako kutazama?"

Akaja. Akatazama cha kwanza, akatazama cha mwisho, akarudi kwenye cha kwanza. Niliona rangi ikimtoka. Akachuchumaa, akaweka shubiri yake kati ya unyayo na unyayo, akahamia kingine, akaweka tena. 

"Mimi nilidhani kitambaa..."

"Ulidhani! Nilikwambia nimekichemsha au sikukwambia?"

"Uliniambia."

"Haya, sasa? Ishirini na nne, ishirini na nne, miaka miwili mnanipigia wimbo huo. Bahari imekula mita nne, na nyie mko hapa mnahesabu!"

Mama aliweka sinia la mchele chini. Akanyanyuka kwa kushika fremu ya mlango, akaja, akatazama. Kisha akaanza kucheka, kicheko chake kilekile cha jikoni shuleni, mabega yanaruka.

"Nilikuwa nawachezea," alisema. "Hamkujua? Nilijua nikifika ishirini tu, wewe utakuja na gari la kubebea vitanda. Basi nikawa nazibana. Mwezi huu kidogo, mwezi ujao kidogo. Makusudi." Akamgonga Ndoo begani. "Hata wewe profesa wa bahari hukugundua."

Nawaambia ukweli, sijawahi kumkasirikia mama yangu vile. Miaka miwili ya usingizi wangu, Jumapili zangu zote, machozi yangu kwenye kile kilima, na yeye alikuwa anacheza! Na Ndoo naye, badala ya kuona aibu, nikaona uso wake unafunguka, anapumua, kama mtu aliyepewa msamaha.

"Makusudi?" nikasema. "Sawa. Basi kanyaga hizi za kwanza. Hizi hapa, za mwaka juzi. Si miguu yako? Tembea kama ulivyotembea."

"Usinitume kama mtoto."

"Tembea, mama."

"Dada, acha," alisema Ndoo.

"Wewe nyamaza! Tembea, mama, tuone mchezo wako."

Akanitazama. Akavua kandambili, akaziweka sawa pembeni, akapanda kwenye kitambaa cha kwanza. Mguu wa kulia akauweka juu ya unyayo wa kwanza. Ukaenea barabara, kidole gumba kilichopinda kikaingia mahali pake. Akaunyanyua wa kushoto, akaupeleka mbele. Ukashuka kabla ya kufika. Akaurudisha. Akavuta pumzi, akaupeleka tena, safari hii kwa nguvu, na mwili mzima ukayumba. Ndoo akaruka akamdaka kwapani.

Mama alibaki amemwegemea Ndoo, anautazama unyayo wake wa pili, uliokuwa mbele yake kiganja kimoja tu.

"Nilikuwa natembea hivi?" aliuliza.

Nikasema, "Mama, basi, njoo ukae."

"Juzi tu hapa." Akamgeukia Ndoo. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. "Na wewe ulikuwa unanishika miguu kila mwezi. Unaipaka wino kwa mkono wako."

Ndoo akaitazama mikono yake. "Nilikuwa natazama bahari, mama," alisema, na sauti ikamkatika hapohapo, jitu zima lile, na ndevu zake.

Nilitaka kumrukia. Nilikuwa na maneno tayari mdomoni. Kisha nikakumbuka kwamba mimi ninayepima viuno vya mji mzima, ninayejua bega la mteja limeshuka kabla yeye mwenyewe hajajua, nimekuja hapa Jumapili mia moja na sijamwona mama yangu akiburuta mguu. Nilikuwa naangalia nguzo ya kamba. Nikayameza maneno yangu yote.

Mama alirudi kizingitini, hatua ndogondogo, Ndoo ubavuni. Akakaa. Akafuta wino wa zamani uliomshika kwenye soli kwa pindo la gauni, akachukua muda wake.

"Bahari haijawahi kunitisha," alisema. "Nilikuwa najiambia, siku ikija mlangoni, nitaondoka kwa miguu yangu. Nitachukua mkoba wangu nitoke. Sasa naona ikija nitabebwa." Akatikisa kichwa. "Mimi kubebwa sitaki. Fungeni vyombo."

Nilikuwa nimeyangoja maneno hayo miaka miwili. Nilikuwa nimeyaota. Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Hakuna haraka, mama. Tungoje kidogo. Hata mwezi ujao."

"Dada!" Ndoo alinikodolea macho. "Una wazimu?"

"Bamvua lijalo bado," nikasema. "Maji yamekupwa, ona yako mbali. Anaweza kukaa kidogo, akapumzika, mguu ule ukapata nafuu, tukamwona daktari kwanza..." Na hapo nikaanza kulia, kilio kibaya, cha kamasi, nimesimama katikati ya vitambaa vyangu viwili na futi shingoni.

Mama akasonya.

"Miaka miwili unanipigia kelele nihame. Leo nahama, unalia. Wewe mtoto utaridhika lini?"

Nikajifuta uso, nikaingia jikoni, nikaanza na sufuria.